Posho ya wazee Busia: Pesa ni zako, lakini sharti ufike mwenyewe

Katika vijiji vya Busitema, wilayani Busia mashariki mwa Uganda, habari ya siku ya malipo mara nyingi haiji kwa barua. Huanzia kwa mwenyekiti wa kijiji, ikatangazwa kanisani au msikitini, ikachukuliwa na waendesha bodaboda kwenye vituo vyao, na kufikia jioni kila mwenye mzee nyumbani amekwisha kuipata: waliotimiza miaka 80 wanatakiwa kituoni, kila mmoja na kitambulisho chake, kila mmoja na vidole vyake.

Kwa wengi hiyo ni habari njema. Kwa baadhi ni mwanzo wa usiku wa kukosa usingizi. Nani atamfikisha mama barabarani iwapo mvua itanyesha? Mashine itavisoma vidole vyake safari hii, au itakataa kama mara iliyopita? Na afisa akisema jina halionekani kwenye orodha, ataulizwa nani?

Hofu ya namna hii haiandikwi katika bajeti za wizara wala katika ripoti za wafadhili. Hata hivyo ni sehemu ya gharama ya kupokea fedha za umma, na anayeilipa gharama hiyo ni yule ambaye mpango mzima uliundwa kwa ajili ya kumpunguzia mzigo. Suala linalojadiliwa hapa si kama serikali ina haki ya kuhakikisha kwamba fedha zinamfikia mhusika. Ina haki hiyo, tena ina wajibu. Suala ni kwa nini uthibitisho wote umewekwa juu ya mwili wa mtu mmoja dhaifu, na kwa nini kushindwa kwake kufika kunahesabiwa kuwa kosa lake.

Umri mmoja, mpaka mmoja, fedha mbili

Uganda ilianza majaribio ya kuwalipa wazee mwanzoni mwa muongo uliopita, katika wilaya 15, chini ya mpango unaofahamika zaidi kwa kifupi chake, SAGE. Wakati huo walengwa walikuwa wenye miaka 65 na zaidi, na 60 kwa Karamoja. Mpango ulipotanuliwa kufikia nchi nzima katika mwaka wa fedha wa 2020/21, kiwango cha umri kilipandishwa hadi miaka 80. Kiasi chenyewe kimebaki shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi kwa zaidi ya miaka kumi, huku bei ya sukari, sabuni na nauli ikiendelea na safari yake.

Vuka mpaka kwa miguu, upite kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018 na Rais Yoweri Museveni na Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, nawe umo katika Busia nyingine. Lugha ni zile zile, Kisamia na Kiteso, na koo ni zile zile. Sheria ya uzee ndiyo inayobadilika. Kenya hulipa shilingi 2,000 zake kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii, kiasi ambacho kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni kinazidi mara mbili posho ya Uganda. Tena huanza mapema: mwaka 2018 Kenya iliufungua mpango huo kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi ambaye hapokei pensheni, ingawa wengi waliotimiza umri huo baada ya usajili wa awali walisubiri muda mrefu kuingizwa. Na Busia ya Kenya si mgeni katika jambo hili. Ilikuwa miongoni mwa wilaya tatu, pamoja na Nyando na Thika, ambako malipo ya wazee yalijaribiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006.

Hivyo ndugu wawili wenye miaka 72, waliozaliwa katika boma moja kabla mpaka haujawa na uzito ulio nao leo, wanaweza kuishi umbali wa kilomita chache tu, mmoja akiwa anahesabiwa na serikali yake kuwa mzee na mwingine akiambiwa asubiri miaka minane. Katika soko la Busia, ambako watu hubadilisha noti za nchi mbili siku nzima, hesabu hiyo inajulikana vizuri kuliko inavyojulikana Kampala au Nairobi.

Asiye na kazi hana hata foleni

Kabla ya kuendelea na wazee, msomaji kijana atauliza: na mimi? Busitema ina chuo kikuu cha umma kilichoanzishwa mwaka 2007, chenye wahitimu wa uhandisi na kilimo, na si mbali nacho, huko Tiira, vijana huchimba dhahabu kwa majembe na beleshi. Baadhi ya wachimbaji hao wana elimu nzuri. Hakuna ofisi inayowaita kila baada ya wiki mbili kuwauliza wametafuta kazi wapi, kwa sababu hakuna ofisi inayowalipa chochote.

Nchini Uganda kilicho karibu zaidi na malipo ya kukosa ajira kimo ndani ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mwanachama aliyefikisha miaka 50 na ambaye amekaa mwaka mzima bila kazi anaweza kuchukua akiba yake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliongeza mlango mwingine: mwenye miaka 45 aliyechangia kwa miaka 10 anaweza kutoa hadi asilimia 20. Hizo ni fedha zake mwenyewe, wala si bima. Kenya nayo haijawa na malipo ya aina hiyo.

Tanzania ndiyo iliyothubutu. Mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yaliondoa utaratibu wa mwanachama kujitoa na kuchukua michango yake, yakaweka fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hastahili. Ni lazima mwombaji athibitishe kwamba kazi ndiyo iliyomwacha, na kwamba hajapata nyingine.

Naomba nafasi ndogo hapa kama mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kutafsiri habari. Neno “fao”, lililozoeleka Tanzania, halina uhai sana Busia. Upande wa Kenya utasikia “pesa za wazee”, upande wa Uganda utasikia “SAGE” au posho tu. Tatizo kubwa zaidi ni jina la mpokeaji. Maandishi ya kiofisi yakitiwa katika Kiswahili humwita “mwombaji”, na neno hilo, hata likiwa sahihi, linamweka mtu upande wa kuinua mikono. “Mstahiki” lingemweka upande wa haki, lakini sijawahi kulikuta kwenye fomu.

Sababu ya kutaka sura yako

Sharti la kufika mwenyewe halikutungwa kwa ukatili. Serikali zote mbili zimewahi kulipa mishahara na pensheni kwa watu wasiokuwapo, na neno “hewa”, kama katika “wafanyakazi hewa”, limeingia katika Kiswahili cha siasa kwa sababu hiyo hasa. Mzee akifariki kijijini bila cheti cha kifo, jina lake huweza kuendelea kulipwa kwa miaka. Mfadhili anayechangia mpango hudai ushahidi, na ushahidi ulio rahisi kuhesabu ni mtu aliyesimama mbele ya mashine.

Nchini Uganda, baada ya kipindi cha awali cha kulipa kupitia simu, malipo yamekuwa yakipitia benki ya serikali, ambayo hufika katika vituo vya malipo vijijini kwa siku zilizotangazwa. Kenya ilichagua benki za biashara na mawakala wao, na kwa muda mrefu ililipa kila baada ya miezi miwili, yaani 4,000 kwa mkupuo. Katika mifumo yote miwili kitambulisho cha taifa ndicho ufunguo, na alama za vidole zimetumika kama kufuli ya pili.

Hadi hapo hoja ya serikali inasimama. Inaanza kuyumba unapoulizwa nani analipa gharama ya ufunguo ukipotea na kufuli ikikwama.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme bodaboda kutoka kijijini hadi kituo cha malipo ni shilingi 5,000 kwenda na 5,000 kurudi, na mzee hawezi kupanda peke yake, kwa hiyo mjukuu anaambatana naye. Akilipwa posho ya mwezi mmoja, safari imekula sehemu kubwa yake. Akilipwa ya miezi mitatu kwa pamoja, shilingi 75,000, inavumilika. Lakini akirudishwa bila kitu kwa sababu mtandao umekatika au fedha zimechelewa, jambo ambalo wapokeaji wa pande zote mbili za mpaka wanalijua, nauli hairudishwi na mtu yeyote.

Kidole kisichosomeka

Aliyelima mihogo na mtama kwa miaka 60 hana vidole vya mtu wa ofisini. Mistari imelika. Mashine inayotafuta mistari hiyo haijui habari ya jembe. Inachosema ni kwamba mtu huyu hafanani na mtu aliyesajiliwa.

Umri nao una kisa chake. Wengi wa wanaotimiza miaka 80 leo walizaliwa katika miaka ya 1940, vijijini, bila cheti. Mwaka wao wa kuzaliwa ulikumbukwa kwa njaa fulani, kwa kurudi kwa askari wa vita vya pili, kwa mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki ile ile. Uganda ilipoanza kutoa vitambulisho vya taifa mwaka 2014, kumbukumbu hizo zililazimika kugeuka tarehe kamili mbele ya karani mwenye haraka. Kosa la miaka kumi wakati ule halikumuumiza mtu. Leo linaweza kumaanisha miaka kumi bila posho.

Kadi ikipotea, mambo huwa magumu zaidi. Kwa miaka mingi ada ya kupata nyingine ilikuwa shilingi 50,000, yaani posho ya miezi miwili kamili, ilipwe na mtu ambaye posho yake imesimama kwa sababu hana kadi. Sijapata mfano bora wa mduara unaojifunga wenyewe.

Mnamo Juni 2021 kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York pamoja na mashirika mawili ya Uganda, ISER na Unwanted Witness, yalichapisha ripoti kuhusu watu waliofungiwa nje na kitambulisho hicho, ambacho Waganda wengi hukiita Ndaga Muntu. Ilikadiria kwamba huenda hadi theluthi moja ya watu wazima hawakuwa nacho, na ikaeleza jinsi wazee walivyokosa posho na wanawake walivyofukuzwa katika vituo vya afya. Mwaka uliofuata mashirika ya kiraia yalikwenda Mahakama Kuu yakitaka watu waruhusiwe kutumia njia nyingine za kujitambulisha. Mwezi Mei 2025 serikali ilianza usajili mpya wa nchi nzima, uhuishaji wa kadi ukiwa bila malipo, na safari hii mboni ya jicho ikipigwa picha pamoja na vidole. Kwa aliyelika vidole hiyo ni nafuu ya kweli. Kwa mwenye mtoto wa jicho, ugonjwa wa kawaida katika umri huo, ni mashine nyingine ya kuiogopa.

Mtu wa kukupokelea

Mipango yote miwili ina njia ya pembeni. Uganda humruhusu mzee kuteua mtu wa kumpokelea, Kenya humtambua mlezi. Kwenye karatasi tatizo limekwisha.

Maisha ya nyumbani ni magumu kuliko karatasi. Kumteua mtoto mmoja kati ya saba ni kutangaza ni nani unayemwamini, na wale sita watasikia. Mama mkongwe aliyezoea kupokea noti zake kwa mkono wake, akanunua chumvi na kumpa mjukuu sarafu ya daftari, hupoteza kitu zaidi ya safari anapokabidhi haki hiyo kwa mwanawe. Wapo wanaosisitiza kufika kituoni hata wakibebwa mgongoni, na si kwa sababu sheria imewalazimisha. Siku ya malipo ndiyo siku wanayokutana na wenzao wa rika, wakahesabiana nani bado yupo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba kuhamishia kila kitu kwenye simu kutamaliza jambo hili. Simu nyingi katika nyumba hizo si za mzee, na namba ya siri inayojulikana na mjukuu haina tofauti kubwa na noti iliyopokelewa na mjukuu.

Kinachotakiwa ni chaguo, na chaguo linaloweza kubadilishwa: mwezi huu nitakuja, mwezi ujao nikiugua mje nyumbani, na kama mwanangu hanifikishii nimwondoe bila kuanza upya usajili wote.

Hofu hiyo hiyo, ofisi yenye joto

Wasomaji wetu walioko Ulaya wataitambua hofu hii ingawa sura yake ni nyingine. Nchini Uingereza mtu asiye na kazi anayelipwa kupitia Universal Credit hutakiwa kufika kwenye miadi, na asipofika bila sababu inayokubalika anaweza kukatwa malipo. Kwa mwenye ugonjwa wa wasiwasi, yule ambaye moyo humwenda mbio akifikiria tu kuhojiwa na mtu asiyemjua, miadi yenyewe ndiyo kikwazo. Anaweza kuomba azungumzwe naye kwa simu, lakini kuomba huko nako ni mazungumzo na ofisi anayoiogopa.

Na kuna jambo lililotokea huko ambalo linafaa kukumbukwa Busia. Janga la korona lilipoingia, mnamo Machi 2020 serikali ya Uingereza ilisimamisha kwa miezi mitatu sharti la kufika ofisi za ajira. Katika nusu ya pili ya mwezi huo maombi mapya takriban 950,000 yalipokelewa, na watu walilipwa bila kuonana ana kwa ana na afisa. Sharti lililoonekana kuwa nguzo ya mfumo liliwekwa kando ndani ya siku chache, na mfumo ukaendelea kulipa. Udanganyifu uliongezeka katika kipindi hicho, na wakosoaji wana haki ya kulitaja hilo. Lakini ilidhihirika kwamba kufika mwenyewe ni uamuzi wa kiutawala wenye faida na hasara zake, unaoweza kupimwa na kulegezwa.

Nani athibitishe

Tofauti kubwa kati ya mzee wa Busitema na mkazi wa Manchester haiko kwenye woga. Iko kwenye karatasi. Yule wa Manchester akikatwa malipo hupata taarifa inayosema kwa nini, na ana njia ya kuomba uamuzi uangaliwe upya kisha kukata rufaa. Mzee aliyeambiwa kituoni “jina halipo, rudi mwezi ujao” huondoka na maneno tu, na mwezi ujao huenda akamkuta afisa mwingine asiyekuwa na habari zake.

Sheria za nchi zote mbili hazikosi msingi wa kulirekebisha hili. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatambua haki ya kila mtu kupata hifadhi ya jamii, na ibara ya 47 inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi yule ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika malengo yake ya taifa, inaitaka serikali itenge kinachofaa kwa ajili ya matunzo ya wazee, na ibara ya 42 inampa kila anayefika mbele ya afisa wa utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu na ya kwenda mahakamani asiporidhika.

Kwenda mahakamani, kwa mtu ambaye kituo cha malipo chenyewe ni mbali, ni haki ya kwenye kitabu. Hatua zenye maana ni ndogo zaidi na ziko karibu zaidi. Chifu wa parishi anajua nani amefariki na nani amelazwa. Angeweza kutumwa kabla ya jina kusimamishwa, si baada. Mashine ikishindwa kusoma kidole, ushahidi wa mwenyekiti wa kijiji na jirani wawili ungeweza kutosha kwa malipo ya siku hiyo, na hitilafu ikashughulikiwa baadaye na wenye mashine. Upande wa Kenya, chifu na wazee wa vijiji wanaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Yote haya yana gharama, na maafisa watasema bajeti haitoshi. Lakini gharama hiyo ipo hata sasa. Inalipwa kwa nauli ya mjukuu.

Kwa sasa, mzee aliyerudishwa nyumbani, au mtoto wake aliyemsindikiza, anaweza kuanza kwa kumwomba afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lake jambo moja: sababu ya kutolipwa iandikwe, iwe na tarehe, na iwe na jina la aliyeiandika.